Kitambaa kwenye Usukani wa Mathieu

Lubumbashi, tarehe 6 Mei 2012

Kwa shemeji Thérèse, Auderghem, Brussels

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto wetu Inès. Simu yangu huishiki tangu tulipomzika kaka yangu, yaya Mathieu, donc basi nakuandikia kwa e-mail, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Familia ilikaa jana nyumbani kwa papa Kazadi. Unajua yeye ndiye mkubwa wetu, ndugu ya baba, na akishasema sisi tunafuata. Amenituma nikuandikie kwa jina la wote. Mambo ya nguo na vitu vidogo yaliisha siku za kilio. Inabaki ile gari ya Kimarekani ambayo yaya Mathieu alikuwa akiitengeneza miaka na miaka. Papa Kazadi anasema gari ni mali ya mwanaume, na mwanaume akifa mali yake inarudi kwa ndugu zake. Anaomba uichunge vizuri mpaka tuamue nani ataipokea. Mimi ni mdomo tu, shemeji, usinikasirikie.

Neno moja naongeza mimi mwenyewe. Usiruhusu mtu aiwashe, wala aiendeshe, wala aitoe nje ya gereji. Iache kama yaya alivyoiacha.

Nabaki mdogo wako,
Dady Kyungu


Auderghem, tarehe 13 Mei 2012

Bwana Dady,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe soma mpaka mwisho.

Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, mashangazi zako walishafungua masanduku niliyokuja nayo kutoka Brussels. Walichukua suti zake, viatu vyake, hadi kamera yake, na mimi nimekaa kwenye mkeka nawatazama. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula au nimelala. Nikapanda ndege na mwanangu nikasema haya, yameisha. Kumbe mlikuwa mnapumzika!

Gari hampati. Unaniambia lisiwashwe? Limeshawashwa. Tena kwa ajili ya barua yako nimeliwasha mara ya pili, nikaliacha lingurume mpaka jirani Mbelgiji wa Kiflamish akatoka na taulo kichwani. Nilimpungia mkono.

Mathieu alipokufa, gari lilikuwa bila injini. Alikuwa ameiingiza mara moja kupima, akaitoa tena, akaifunika blanketi langu zuri. Injini yenyewe ni ya silinda nane, kubwa kuliko jiko langu, na gari lilizaliwa na injini ndogo. Mimi ni mtu wa kuogesha wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Auderghem, nilikuwa sijui hata kubadilisha gurudumu. Lakini kuna Nassoro, fundi wa Bujumbura, anatengeneza malori huko karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alikuwa akinywa kahawa na Mathieu kila Jumapili. Akaniambia, "Mama Inès, tulimalize hili jambo." Tangu hapo kila siku yake ya mapumziko anakuja, na mimi ndiye mshika taa.

Tuliondoa boneti, tukaining'iniza injini kwa mnyororo. Ikashuka, ikagoma: bakuli lake la oili linagonga kile chuma kinachopita chini kati ya magurudumu. Ikapandishwa. Nassoro akasogeza vishikizo, ikashuka, sasa ikagonga nyuma. Mara ya mwisho yeye alisema "Bismillahi", mimi nikasema "Yesu wangu", na ikakaa. Mabomba ya moshi ya upande wa kushoto yanapita karibu sana na usukani, kidole changu kinaingia kwa shida. Kwa bahati hapo Mathieu alikuwa ameshamaliza kazi. Chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda chini alikipinda kikalizunguka bomba, akakipaka rangi nyeusi, safi kabisa. Nassoro hakukigusa, alimsifu tu.

Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwenye usukani nilikuta kipande cha kitenge changu, kile cha maua ya njano nilichokitafuta nyumba nzima hadi nikamsingizia Inès. Alikichana, akakifunga hapo. Dady, nililia. Miaka yote niliyoishi na mwanaume yule hakunipa ua hata moja, kumbe akikaa humo ndani alikuwa anashika nguo yangu. Nimekifungua, nimekifua, nimekiweka ndani ya Biblia.

Tarehe 9 Juni Inès anaolewa. Ataliendesha gari mwenyewe, mimi nimekaa nyuma, kutoka hapa gereji kuteremka hadi kanisani. Amesema, "Papa angenipeleka. Basi gari la Papa litanipeleka." Mfikishie papa Kazadi maneno hayo, na umwambie asubiri mpaka achoke.

Thérèse


Lubumbashi, tarehe 14 Mei 2012

Yaya Thérèse,

Leo nakuita yaya, dada yangu mukubwa. Nakuomba kwa jina ya Mungu, gari isitembee. Ile kitenge haiko zawadi. Ile njo alama.

Sikia, nikueleze polepole. Unajua kazi ya atelier, ile gereji ya baba yetu, pale yaya Mathieu alijifunzaka. Magari mingi yanatufikia toka Zambia, volant, ule usukani, iko kuume, shiye tunaitosha kule tunaiweka kushoto. Ile kazi ni ya kupima na kupima tena. Unakata chuma, unaishika na nukta mbili tu za soudure, za kuchomelea, unajaribu, unatosha, unarekebisha. Ni kama fundi wa nguo anashika na pini mbele ya kushona. Na gari ambayo volant yake iko bado ya kujaribu, tunachana kitambaa tunafunga ku volant. Fundi yeyote wa kwetu akiona ile kitambaa, hata ukimulipa haingie ndani ya gari. Hatuandikake kintu, kitambaa inatosha.

Mbele ya kugonjwa sana, yaya Mathieu alinipigiaka simu. Akasema: "Dady, chuma ya volant imepita bomba, lakini nimeishika tu, nitaitosha tena nishone muzuri. Nimefunga kitambaa." Rangi ile alipaka sababu ya kutu ya kwenu kule, mvua kila siku. Chini ya rangi kuko nukta mbili. Inès akikata kona, uzito wa ile moteur, ile injini kubwa, juu ya magurudumu, itakatika. Volant itabaki mu mikono yake inazunguka bure.

Utauliza kwa nini sikusema vile mara ya kwanza. Papa Kazadi alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, angesema naharibia familia bei ya gari. Na niliwaza kitambaa iko pale, hakuna fundi atagusa. Sikujua kama fundi ni mutu wa Bujumbura, yeye atajua wapi mambo yetu?

Usikawie kunijibu. Hata neno moja.

Dady


Auderghem, tarehe 19 Mei 2012

Bwana Dady,

Kwanza gari lilikuwa lenu. Nilipokataa, sasa gari linaumwa. Wiki ijayo utaniambia limerogwa.

Hata hivyo mimi si mjinga, nilimuuliza Nassoro bila kumwambia maneno yanatoka kwa nani. Aliinua magurudumu ya mbele juu, akazungusha usukani wote kulia, wote kushoto, akautikisa. Unageuka vizuri, haulii, haushiki. Akaniuliza, "Nani anakutisha, Mama Inès?" Nikaona haya kumjibu kwamba ni mdogo wa marehemu.

Lakini hilo si la kuniuma. Linaloniuma ni kitenge. Mlibeba suti, mlibeba viatu, nikanyamaza. Kilibaki kipande kimoja cha kitambaa ambacho ndicho pekee Mathieu aliniachia bila kusema, na hicho nacho umenyoosha mkono kutoka Lubumbashi ukakichukua. Eti alama ya gereji! Hukuona aibu, Dady? Nilikupikia ugali ukiwa unavaa kaptula ya shule.

Mtu anayedai kitu changu, akiniambia nisikiguse, nitamwaminije? Wewe mwenyewe jiweke mahali pangu. Siku mtakayokuwa hamtaki chochote kutoka kwangu, siku hiyo niandikie, nitasikiliza. Kwa sasa niache, nina kazi. Jana nimezunguka Chaussée d'Ixelles yote kutafuta viatu vya arusi, na Inès amechagua vile vya dukani tulipoanzia.

Thérèse


Lubumbashi, tarehe 27 Mei 2012

Yaya Thérèse,

Nimekawia sababu nilienda kufanya ile ulisema.

Nilifika kwa papa Kazadi mara ya kwanza, akanifukuza. Mara ya pili nilikuta bote beko pale, batonton, bandugu ya baba, na bashangazi. Nikasema mbele ya bote: gari ya yaya Mathieu ibaki kwa bibi yake, mujane, tuandike, tutie sahihi. Eh, kelele! Shangazi Mauwa akasema weye umenipa dawa kutoka Ulaya. Papa Kazadi akasema: "Mutoto gani huyu anauza damu ya kaka yake? Ukiendelea, kikao ya hii familia hautakaa tena." Yaya, sijawahi kumujibu ule muzee tangu nazaliwa. Lakini nilimujibu. Nikasema: "Papa, munataka gari, ao munataka kwenda tena kupokea sanduku ya maiti ku uwanja ya ndege? Sababu ile gari ikitembea, ni sanduku ya Inès itakuya."

Halafu papa Kazadi akauliza mambo ya volant, nikamueleza ya kitambaa. Yeye hakuwaka fundi lakini alikuwaka jirani ya atelier, anajua kitambaa ni nini. Akaomba kalamu.

Karatasi iko chini ya hii e-mail, fungua uone. Ni sahihi yake mwenyewe, na majina ya bote. Gari ni yako, yaya. Uiuze, uichome, upande maua ndani, sisi hatuna neno. Hatuna kintu ya kukuomba, leo na kesho. Umesema siku hiyo utasikiliza. Bon, njo leo.

Mwambie Nassoro asizungushe magurudumu ikiwa juu, pale haina uzito, itamudanganya. Akwangue rangi. Pale chuma inapinda mbele ya bomba ya moshi, akwangue tu ile rangi nyeusi, ataona na macho yake. Kama niko muongo, munitukane mpaka mufe.

Na kitenge, nilikuandikia vibaya. Niliogopa, sikuchagua maneno. Pale atelier tunachana tambara yoyote ya chini, yenye oili, hata gunia. Ile ni sheria ya atelier. Yaya Mathieu alikuwa na matambara gereji yote, tena akapanda mpaka nyumbani akachana ya kwako. Ile haiko sheria ya mutu. Mimi sijui kwa nini alifanya vile, utajua weye.

Mdogo wako,
Dady


Auderghem, tarehe 30 Mei 2012

Dady, mdogo wangu,

Tuko hai. Nakuandikia hilo kwanza kabla ya yote: tuko hai, Inès yuko jikoni anakula mkate, gari halijatoka gereji.

Nilisoma barua yako nikiwa kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Niliifungua karatasi, nikaona sahihi ya papa Kazadi ile ya kutetemeka, nikakaa chini. Sikuwahi kufikiri familia yenu inaweza kuachia kitu. Nikasoma tena mambo ya kukwangua, na safari hii sikusikia sauti ya mtu anayedai. Nilisikia sauti ya mtu anayeogopa. Nikavua aproni nikamwambia mkubwa wangu naumwa, nikampigia Nassoro.

Nassoro alikuja na ovaroli lake la kazi. Alicheka kidogo. Akalala chini ya gari na kisu, nikaelekeza taa, akaanza kukwangua. Akaacha kucheka. Dady, ni kama ulivyosema. Nukta mbili, kila moja kama punje ya mahindi, na moja ilikuwa imeshapasuka, labda siku ile tulipolisukuma gari kulisogeza ukutani. Nassoro akakishika chuma kwa mikono miwili, akakinyonga kama mtu anayekamua nguo. Kikabaki mkononi mwake. Kipande cha juu huku, kipande cha chini kule.

Alitoka chini ya gari, akakaa kwenye gurudumu, akasema "Astaghfirullah" mara nyingi hata sikuhesabu. Inès alikuwa mlangoni na viatu vyake vya arusi miguuni, anavizoesha. Aliuliza, "Kuna nini?" Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba nampaka oili.

Nassoro anaona uchungu sana, anajilaumu. Nimemwambia alama ile hata mimi niliyeolewa kwenu sikuijua, yeye ataijua vipi? Amekitoa chuma chote, hataki kukishona kile cha zamani. Ameagiza kipya chenye viungo viwili vya kukifanya kilizunguke bomba, na kishikizo katikati kisichezecheze. Kitachomelewa na mtu mwenye cheti cha kuchomelea. Akimaliza, amesema tutalipima tena na tena na mimi nitasimama hapo hapo.

Nilikutukana, Dady. Na wewe ukaenda kusimama mbele ya papa Kazadi kwa ajili yetu. Sina neno la kukulipa, nina asante tu, na nimekutaja kwa Mungu kwa jina lako lote.

Dada yako,
Thérèse


Lubumbashi, tarehe 31 Mei 2012

Yaya Thérèse,

Nilisoma "tuko hai" nikapiga kelele, bantu bote ya cyber, pale nasomeaka e-mail, bakafikiri nimeshinda feza ya tombola. Mwenye cyber alitaka kunitosha inje. Nikamueleza, akanipa Fanta ya bure. Mimi, mwanaume na ndevu zangu, nililia ndani ya ile Fanta.

Nilikimbia mpaka kwa papa Kazadi. Sikufika hata ku kiti, akauliza: "Mutoto iko muzima?" Nikasema iko muzima. Muzee akashika mulango, akakaa chini ku kizingiti kama mutu ametembea kutoka Likasi na miguu. Hakusema ya gari hata kidogo. Kisha akasema nikuandikie: kilio ya Mathieu shiye tulikuangalia wewe kama mugeni na vitu kama ndugu, na ile haikuwa muzuri. Ni maneno yake, sikuongeza. Tena akasema siku ya arusi saa ya kutoka nyumbani, yeye kama mukubwa wa upande wa baba atasimama hapa Lubumbashi na atamubariki Inès kwa sauti, hata kama hamutasikia.

Kintu moja, nisamehe, mimi ni fundi. Chuma mupya ikishaingia, mwambie Nassoro ajaribu gari ikiwa chini, na bantu bane ndani. Na volant izungushwe mpaka mwisho pande zote mbili, moteur ikiwa moto, sababu bomba ikipata moto inavimba kidogo na inaweza kugusa.

Nimelala jana kama mutoto. Ni siku mingi sijalala vile.

Dady


Auderghem, tarehe 10 Juni 2012

Mdogo wangu Dady,

Nimeamka leo nimechoka, miguu imevimba, sauti imenikauka, na nina furaha.

Tulilijaribu kama ulivyosema. Watu wanne ndani: mimi, Inès, na wenzangu wawili wa kazini ambao si wembamba. Nassoro aliacha injini ikapata moto hadi hewa ikacheza juu ya boneti, akazungusha usukani mwisho hadi mwisho, akaingiza karatasi kati ya chuma na bomba. Ikapita bila kugusa. Akafanya hivyo siku tatu mfululizo, hata Inès akamwambia, "Tonton, unaniozesha mimi ama unaozesha usukani?"

Jana saa ya kutoka, mvua ilikuwa imekatika. Mwambie papa Kazadi niliwaambia watu wote wanyamaze kidogo, nikasema sasa hivi Lubumbashi kuna mzee amesimama anambariki huyu mtoto. Watu walisimama kweli, hata yule jirani wa Kiflamish, ambaye kumbe anapenda magari ya zamani na alikuwa amevaa suti. Inès alikunja gauni, akaingia upande wa usukani. Mimi nyuma, na pagne yangu mpya ya kitenge, na rozari mkononi. Nassoro alitutangulia na gari lake dogo, anatazama kioo kuliko barabara.

Kabla ya kanisa kuna mteremko, na mwisho wa mteremko kona kali, ukuta wa mawe uko mbele yako. Hiyo kona nilikuwa naiona kila nilipofumba macho tangu siku ile chuma kilipobaki mkononi mwa Nassoro. Tulipoanza kuteremka, niliacha kusali. Nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Inès akasema, "Maman, unanivuta nywele." Ukuta ukaja. Mwanangu akazungusha usukani kushoto, na gari likaenda kushoto.

Dada yako,
Thérèse